Magari Matano na Sakafu Yetu

Jumatatu, 6 Aprili

Daftari hili nimepewa bure na muuza gundi. Lina picha ya tyubu ya gundi kwenye jalada, basi nimeliwahi kabla Kaka hajaligeuza la kuandikia simu za wateja. Nitakuwa naandika saa ya chakula cha mchana, juu ya kreti za vioo. Mvua imeanza leo na imeanza kwa fujo, hakuna pa kwenda.

Mimi ni fundi wa vioo vya mbele vya magari. Natoa kilichopasuka, napachika kipya. Gereji ni ya Kaka. Cheti cha kupima kamera kilichotundikwa ukutani ni changu, lakini chini ya jina langu limeandikwa jina la gereji, maana yake nikitoka nje ya geti hili mimi si fundi wa kamera, ni mpita njia tu. Chumba changu kiko juu ya stoo. Geti lina ufunguo mmoja, na ufunguo unakaa mfukoni kwa Kaka, ng'ambo ya barabara, anakoishi na mkewe na mtoto wao. Tangu tuibiwe mwaka juzi, ikifika saa moja jioni ananifungia. "Kwa usalama wako, mdogo wangu." Siku moto ukiwaka humu nitaungua kwa usalama.

Sinuni lakini. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa. Aliacha shule, akajifunza vioo, akanilea, akanifundisha. Sina mtu mwingine duniani wa kumwambia "unakumbuka?"

Jumatano, 8 Aprili

Mvua kama hii haijawahi kunyesha. Mtaro wa nyuma ya ukuta umefurika, maji yamepita chini ya ukuta na yanasikika yakibubujika chini ya gereji kama tumbo lenye njaa. Kaka akacheka: "Sasa tuna gereji yenye mto wake!" Yule mtu ukimpa msiba atautafutia utani.

Ijumaa, 10 Aprili

Leo kioo cha gari la Kaka mwenyewe. Kokoto lilikigonga mwezi uliopita, kikabaki kijichubuko kidogo kama punje ya mtama. Nikamwambia, Kaka, niletee nikizibe, ni kazi ya dakika ishirini. "Kesho, kesho." Jana asubuhi kioo kina ukungu, akakimwagia maji ya moto. Mwenye gereji ya vioo! Ufa ukakatiza kutoka pembe hii hadi ile. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, naye akajitia hamnazo.

Nimekata gundi ya zamani, nimesafisha ukingo, nimepaka dawa nyeusi ya kushikisha, nimemimina gundi, tukakilaza kioo pamoja, yeye upande ule, mimi huku, bila kusemezana. Kwa kazi hiyo mikono yetu inafahamiana. Nikaacha dirisha moja wazi kidogo, kama alivyonifundisha nikiwa na miaka kumi na mitano: gundi ikiwa mbichi, ukibamiza mlango madirisha yote yamefungwa, hewa inakosa pa kutokea, inakisukuma kioo.

Kisha kamera. Magari ya siku hizi yana kamera nyuma ya kioo, juu kabisa. Ndiyo inayoangalia barabara, na ikiona hatari gari linafunga breki lenyewe. Ukibadilisha kioo, lazima kamera ifundishwe upya pa kuangalia. Gari linasimama kwenye alama zake sakafuni, ubao wenye michoro unasimama mbele yake kwa vipimo, mashine inachomekwa, inafikiri, mwishoni inawasha taa ya kijani. Kaka anaiita Profesa. "Profesa kakubali! Tia saini, twende tukale."

Nikatia saini.

Jumanne, 14 Aprili

Gari dogo la kijivu la Mkunga. Ni mama wa makamo, mnene, mchangamfu, anaendesha viatu kavivua. Alinisimamia kazi nzima akinihadithia wazazi aliowahi kuwazalisha ndani ya gari hilo hilo. "Hiki kiti cha nyuma, fundi, kina watoto wanne. Mmoja amepewa jina la gari!"

Profesa kijani. Saini.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Gari la mwalimu wa hesabu. Kioo, kamera, kijani, saini. Alinisahihisha hesabu ya risiti.

Jumamosi, 18 Aprili

Wifi amemleta mtoto nikae naye. Umri miaka sita, domo halipumziki, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Wifi hakunisalimia vizuri. Aliangalia kikombe changu akasema, "Wifi, sukari hiyo yote?" Sukari nimenunua mwenyewe! Miaka saba tangu aolewe na Kaka na bado ananipimia vijiko. Sijui Kaka aliona nini kwa mwanamke yule.

Chiriku amecheza gololi kwenye sakafu ya kupimia magari. Amelia. Kila akiziweka zinamkimbia, zote zinaenda kwenye alama za magurudumu ya mbele na kujikusanya pale. "Shangazi, gololi zangu zimerogwa." Nikamwambia zinaogopa domo lake. Alifurahi, akawa anazipigia kelele zikimbie.

Jumanne, 21 Aprili

Mpiga picha za harusi. Kioo, kamera, kijani, saini. Mvua mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 23 Aprili

Leo nimepandisha hasira. Mteja kapangusa tope kavu kwa wipa bila maji, kioo kizima kina mikwaruzo ya nusu duara, halafu ananiuliza kama kipo "kiraka". Jamani! Kioo nacho ni kitu cha kuangaliwa. Badilisha mpira wa wipa kabla haujawa kipande cha plastiki. Mwagia maji kwanza. Usifuate lori la kokoto kwa karibu utadhani limebeba mchumba wako. Kijichubuko kizibe kikiwa kidogo. Watu wanapaka manukato ndani ya gari na kioo cha mbele wanakiachia Mungu.

Jumamosi, 25 Aprili

Bibi muuza maua. Kijani. Saini. Gereji ilinukia maua mpaka jioni.

Jumatatu, 27 Aprili

Mkunga amepiga simu ya gereji. Kaka aliweka sauti juu nikasikia. Gari lake limefunga breki lenyewe mara mbili, barabara nyeupe, hakuna hata kuku.

"Ni tope, Mama," Kaka akamwambia. "Tope likikaa mbele ya kamera inaona mashetani. Pangusa kwa kitambaa laini."

"Napangusa kila siku, mwanangu."

"Basi pangusa mara mbili!" Wakacheka wote. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha. Gari la Mkunga lilikuwa safi kuliko sahani zetu.

Jumanne, 28 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi Kaka alikwenda kuchukua vioo. Nikasimama nikaitazama sakafu. Juu ya alama za magurudumu ya mbele pana kidimbwi cha maji. Mvua ilipoanza hapakuwa na kidimbwi. Nikakumbuka gololi za Chiriku.

Nilikwenda kwa mwashi wa jirani nikaazima pimamaji lake, lile refu. Nimepima mara sita. Sakafu upande wa ubao iko sawa. Upande wa gari imezama mbele, na pa kuzama zaidi ni kwenye magurudumu ya mbele, upana wa vidole viwili. Ni ule mtaro. Umekula udongo chini kwa chini tangu tarehe nane.

Maana yake ni hii. Kila gari nililolipima tangu siku ile lilisimama limeinamisha pua, na mimi nikaifundisha kamera yake kwamba hivyo ndivyo dunia ilivyo. Kwenye barabara iliyonyooka gari linainua pua, kamera inaona vitu mahali visipokuwepo. Linaweza kufunga breki bure. Baya zaidi, linaweza lisifunge pale penye mtu. Profesa hajui sakafu imekaaje. Profesa anajua ubao tu.

Magari matano. Kaka, Mkunga, mwalimu, mpiga picha, muuza maua. Saini tano, zote zangu.

Kaka aliporudi nilimpeleka pale, nikaweka gololi. Ikaenda. Nikaweka pimamaji. Akaangalia. Halafu akainua ile gololi akaitia mfukoni.

"Taa iliwaka rangi gani?" akaniuliza.

"Kijani, lakini..."

"Basi. Profesa kakubali, wewe nani?"

"Kaka, tuwapigie simu. Watano tu. Tuwaambie wasiliamini gari mpaka turekebishe."

Hapo utani ukamwisha. Akanikalisha kwenye kreti. Akaongea polepole, kwa sauti aliyokuwa akinisemesha nayo nikiwa mdogo nina homa. Kwamba nikipiga simu moja, kesho wakaguzi wako mlangoni. Kwamba watachukua cheti kwanza, kisha gereji. "Chiriku atakula nini? Na wewe utakwenda wapi, mdogo wangu? Nani anakujua nje ya hapa?" Akanishika bega. "Mvua ikiisha tutamwaga sakafu mpya, kimya kimya. Tutawaita mmoja mmoja, tutasema ni ukaguzi wa bure. Nipe mwezi mmoja tu."

"Na mtu akifa ndani ya mwezi huo?"

"Hafi mtu. Unatia chumvi."

Nilitaka sana awe mkweli. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kioo, atakosaje kujua?

Jumatano, 29 Aprili

Mvua. Kaka kampeleka Chiriku shule kwa miguu, mwamvuli mmoja, suruali imelowa hadi magotini. Baba wa kweli yule. Nilijisikia vibaya kwa niliyomfikiria jana.

Alhamisi, 30 Aprili

Daftari la wateja halipo mezani. Kaka amelipeleka nyumbani, "lisilowe". Simu ya gereji nayo haimtoki mfukoni.

Saa ya mchana nilichomoka, nikaenda mpaka zahanati ya Mkunga, nimelowa chapachapa. Mlinzi wa mlangoni akasema, "Hayupo, yuko zamu ya vituo vya nje. Anazunguka na gari lake, wiki mbili hivi." Nikamwomba namba, akasema namba za wahudumu hazitolewi.

Naandika kwa aibu: nilipoambiwa hayupo nilifarijika. Nilirudi nikitembea haraka, moyo mwepesi, hadi nilipoliona geti.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Kaka na Chiriku wamekwenda sokoni kwa miguu. Gari lao limekaa uani kwao tu linaota majani.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Chiriku amechelewa shule kwa sababu ya kutembea, amerudi anapiga chafya. Wifi alisimama kibarazani kwao, ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, akimtazama mumewe, kisha akalitazama gari. Nikasema moyoni, huyu naye hana jema, mwanamume anatembea na mwanawe bado ananuniwa.

Jumanne, 5 Mei

Limekuja gari jipya, lina kamera. Kioo nimepachika, hilo halina ubaya. Nikamwambia Kaka kamera sipimi.

"Hutapima?"

"Siwezi kupima kwenye bakuli."

"Mteja anakuja saa kumi."

"Mwambie aende kwingine akapimiwe. Au pima wewe, utie saini yako."

Anajua saini yake haifai, cheti ni changu. Alinitazama kana kwamba mtu mgeni kakaa mahali pangu. "Nilikubeba mgongoni," akasema. "Nilikubeba mgongoni mpaka hospitali usiku wa mvua kama hizi. Leo unanifungia geti?"

"Anayefunga geti ni wewe, Kaka. Kila siku saa moja."

Aliingia ndani ya gari lile kuchukua karatasi. Dirisha nililokuwa nimeliacha wazi akalipandisha, sijui kwa hasira au kwa mvua, akatoka akabamiza mlango. Bam. Nilikiona kioo kikiruka. Ni unene wa ukucha tu, kikakaa tena, lakini gundi ilikuwa imeachia upande wote wa juu. Kaka aliganda na mkono mlangoni. Yeye aliyenifundisha! Tulikitoa kioo tukaanza upya, yeye upande ule, mimi huku.

Mteja akaambiwa Profesa anaumwa, akaenda kupimiwa kwingine. Huyo kapona. Wale watano wako barabarani.

Jumatano, 6 Mei

Mvua.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua. Nimehesabu hatua za ua wa gereji: kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi.

Jumamosi, 9 Mei

Mkunga amekuja.

Alishuka kwenye gari la kijivu saa nne asubuhi, tope hadi magotini, viatu mkononi. Hakuchangamka. Akakaa kwenye kreti yangu hii hii.

Jana alikuwa anamrudisha nyumbani mzazi mwenye kichanga cha siku mbili. Barabara imenyooka, hakuna kitu mbele. Gari likafunga breki ghafla. Nyuma yao kulikuwa na lori. Dereva wa lori akawakwepa, akaingia mtaroni, akavunjika mkono sehemu mbili. Mkanda ulimshika yule mama, naye akamshika mtoto. Kichanga hakikulia, Mkunga akasema, na hilo ndilo lililomtisha, mpaka alipokifinya unyayo kikapiga kelele.

"Nimekosea wapi mimi, fundi?" Aliniuliza mimi, si Kaka. "Miaka ishirini na nane naendesha. Polisi ananiuliza kwa nini ulisimama katikati ya barabara, sina jibu. Nimeshika breki mwenyewe bila kujijua? Nimeanza kuzeeka?"

Nikafungua mdomo. Kaka akaniwahi. "Mama, inatokea. Uchovu. Zamu za mfululizo hizo, mguu unaponyoka unakanyaga breki. Pumzika kidogo." Alimwambia kwa upole mkubwa, akamletea maji.

Na yule mama akaamini. Nilimwona akiamini. Akautazama mguu wake wa kulia, akasema polepole, "Labda niache kuendesha." Akainuka, akaingia garini, akaondoka kwa mwendo wa kinyonga.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa na ulimi mdomoni. Sikusema. Naweza kuandika kurasa kumi kuhusu Kaka, lakini hilo la leo ni langu peke yangu.

Jumapili, 10 Mei

Gereji imefungwa Jumapili, na geti Jumapili linafunguliwa saa nne. Leo lilifunguliwa saa mbili. Aliyeingia ni Wifi.

Hakuja na salamu. Alikuwa na kitu ndani ya khanga, akakibwaga mezani. Daftari la wateja. Juu yake akaweka ufunguo mpya unaong'aa. "Nimechongesha wa pili. Kaka yako yuko bafuni, ana dakika ishirini za kuimba. Sasa niambie, gari letu lina nini?"

"Gari gani, Wifi?"

"Wewe! Usinifanye mtoto. Wiki mbili mume wangu hampandishi mtoto gari. Mvua inanyesha, mtoto anakohoa, gari liko uani tangi limejaa. Nikimuuliza ananiambia anafanya mazoezi. Yule! Mtu anayepanda gari kwenda kununua kiberiti! Jana nimechukua funguo nimpeleke Chiriku hospitali kwa kile kifua, amenipokonya mkononi. Hajawahi kunipokonya kitu tangu anioe. Nikamuuliza kisa, akalia. Nikasema kesho namwendea mwenye saini yake."

Nilikaa chini. Kufumba na kufumbua nikaziona siku zote zile: mwamvuli mmoja, suruali imelowa, safari ya soko. Ilianza tarehe ishirini na tisa. Asubuhi iliyofuata baada ya kumwonyesha gololi.

Aliniamini! Kaka aliniamini palepale, neno kwa neno. Aliniambia natia chumvi, akaenda nyumbani akamtoa mwanawe garini. Magari ya watu wengine akayaacha barabarani.

Nililia kwa hasira mpaka kamasi. Wifi alinipa ncha ya khanga yake. Nikamweleza yote, sakafu, Profesa, watano. Alisikiliza bila kunikatiza, na huyo ndiye niliyekuwa namwona mchoyo. "Ukipiga hizo simu tutafungiwa?" akauliza.

"Inawezekana."

Akatazama nje. "Nilikuwa nashona nguo kabla sijaolewa. Cherehani ipo." Akasukuma daftari kwangu. "Anza na wa kichanga."

Nikapiga kwa simu ya Wifi. Mkunga alipokea mlio wa kwanza.

"Mama, ni mimi fundi wa kioo. Mguu wako hauna kosa."

"Nini?"

"Jana nilikuwa najua, nikanyamaza. Ni mimi. Niliipima kamera yako kwenye sakafu iliyozama. Gari lilijifungia breki lenyewe. Waambie polisi, nitakuja kuandika maelezo mwenyewe. Usiliendeshe tena mpaka nilipime upya. Nisamehe, Mama."

Nilingoja matusi, nilikuwa tayari kwa kila tusi.

"Kwa hiyo sijazeeka," akasema. Halafu yakaja matusi. Nikayapokea yote.

Mwalimu wa hesabu aliuliza imezama kiasi gani, kwa milimita. Muuza maua akasema gari limelala, asante. Mpiga picha yuko barabarani kuelekea harusini, nikamwambia asimame pembeni, akabonyeza kitufe cha kuzima breki za kamera huku namwelekeza. Tulipomaliza, Kaka alikuwa mlangoni, maji ya kuoga bado yanamchuruzika shingoni.

Alimtazama mkewe, akautazama ufunguo, akanitazama mimi. Nilikuwa nimejitayarisha kumpa vidonge vyake, nimevipanga vyote. Kikatoka kimoja tu.

"Mbona gari lako halitoki, Kaka?"

Akakaa kwenye kizingiti, mgongo umetugeukia, akakaa hapo mpaka mvua ikamlowesha upya.

Jumanne, 12 Mei

Polisi asubuhi, wakaguzi mchana. Niliwapigia mwenyewe. Wamepiga muhuri sehemu ya kupimia. Cheti hawajakichukua, wamenipa barua ya onyo la mwisho, na nimetakiwa kupima upya magari yote matano kwenye sakafu waliyoikagua wao. Nilimtembelea dereva wa lori. Alinitazama bandeji ikiwa mpaka begani, akageukia ukutani. Ana haki.

Ijumaa, 15 Mei

Mvua imepungua. Kaka hanisemeshi. Chakula ananiletea Wifi. Leo kaniwekea vijiko vitatu vya sukari, akasema nimekonda.

Jumamosi, 23 Mei

Mwalimu wa hesabu ametuombea ukumbi wa shule yake. Sakafu ya zege, wakaguzi wameipima, naye akaipima tena, mara mbili, kwa pimamaji na kwa furaha. Leo tumepima manne. Mkunga alikuja na viatu miguuni. Hakunihadithia kitu. Nilipomaliza akaingia, akazunguka uwanja wa mpira polepole, akarudi akasema, "Sasa linaniangalia vizuri." Hilo ndilo neno lake lote kwangu, na nilikwenda nalo nyumbani.

Kaka hakuja.

Jumamosi, 30 Mei

Jua. Gereji yetu wanavunja sakafu, vumbi tupu. Geti ninalifungua mwenyewe sasa, ingawa jioni bado nasikia mkono wangu ukingoja mlio wa kufuli.

Saa tano gari la tano likaja ukumbini likisukumwa. Kaka usukani mkono mmoja, anasukuma kwa bega, Wifi nyuma, Chiriku anaamrisha. Wamelisukuma kutoka nyumbani, mtaa mzima unatazama. Hakutaka kuliwasha.

Wiki tatu hatujasemezana. Alisimama kando. Nikaliweka kwenye alama, nikasimamisha ubao, nikapima umbali, nikachomeka Profesa. Kijani. Nikachomoa, nikaanza upya toka mwanzo. Kijani. Nikarudia tena. Kijani. Chiriku aliweka gololi sakafuni, ikakaa palepale, akailaumu kwa uvivu.

"Shangazi, tupande?" akauliza, ameshafungua mlango wa nyuma.

Kaka akaweka mkono juu ya mlango. Taratibu, hakuubamiza. Macho yake yalikuwa mekundu, na utani haukuwemo hata kidogo.

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu."

"Profesa?"

"Kijani, mara zote."

Alimtazama mwanawe, akaitazama sakafu, akanitazama mimi.

"Pima tena," akasema. "Tafadhali."

Nikapima tena.